Aproni Kwenye Msumari

Siku hiyo mpumbavu nilikuwa mimi, tena sikuhitaji msaada wa mtu. Kwenye kiwanda chetu cha mikate, anayeacha kazi hasemi neno: anageuza aproni yake ndani nje na kuitundika kwenye msumari wa msimamizi. Msimamizi wetu, tunayemwita Chumvi, alinifokea kwa mikate iliyoungua. Nikamjibu, "Bosi, mbona uso wako nao umeungua na hatujautupa?" Wenzangu wakacheka wakishika mbavu. Kile kicheko kikanipanda kichwani kama hamira. Nikaitundika aproni.

Nilifika getini nikipiga mluzi. Ndipo nikakumbuka: leo mke wangu yuko hospitali, anasafishwa damu, na kadi ya bima anayotumia ni ya kiwanda. Kazi ikikatika, nayo inakatika. Mluzi ukafia mdomoni.

Nilikimbia. Nikamkuta kalala, mirija imejaa damu, mashine inazunguka. Ikalia mlio mmoja tu, nikadhani wameizima.

Dada wa mapokezi akaniita. "Shemeji, leo ile kadi..."

Jasho likanitiririka mgongoni.

"...imesumbua kidogo, mtandao. Lakini imekubali. Mbona unatetemeka?"

"Kiyoyozi hiki."

Akatazama juu. Hapakuwa na kiyoyozi.

Nikamweleza mke wangu yote. Hakufoka, na hilo ndilo lililozidi kunitisha. "Mpigie," akasema.

Nikampigia Chumvi. "Ofisini sijawaambia," akanijibu. "Rudi kabla hatujafunga, uombe radhi mbele ya wote uliowachekesha. Usipokuja, napeleka jina." Akakata.

"Siendi!" nikamwambia mke wangu. "Kuna kiwanda kingine wananitaka, tena mshahara mnono."

"Wana bima?"

"Wanayo. Ukishamaliza majaribio."

"Majaribio muda gani?"

"Miezi sita tu."

Akaitazama mirija yake, kisha akanitazama mimi. Bila mashine ile, hata wiki mbili asingezimaliza. Tulikwishaambiwa na daktari. Lakini mdomo wangu, laana yangu, haukunyamaza.

"Sasa mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikampigie Chumvi magoti mbele za watu?"

"Basi panda ulale hapa wewe, baba watoto," akasema, "mimi niende nikayapige hayo magoti."