Glavu Begani mwa Kavinya

Mutheu alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalizoea kuona mshono kabla ya kuona uso. Ndiyo maana alipopata nakala ya fomu iliyodai kwamba marehemu mama yake, Kavinya, alimuuzia mjomba Nzivo nyumba yake ya mtaani Lucky Summer mwaka 2018, hakuhangaika na sahihi. Alitazama picha ndogo ya pasipoti iliyobandikwa pembeni. Begani mwa mama palikuwa na kitu cheupe, kama kipande cha lesi.

Lesi ile aliishona mwenyewe. Ilikuwa glavu ya harusi yake, Agosti 2021. Siku hiyo alisimama nyuma ya mama, mkono begani mwake, wakapigwa picha wakicheka. Mama alipofariki mwaka uliofuata, mjomba Nzivo ndiye aliyeshughulikia kijitabu cha mazishi. Alichagua picha hiyo, na mchapishaji akamkata bibi harusi ili mama abaki peke yake. Vidole vikasahaulika pale pale begani.

Mahakamani Makadara Mutheu alikwenda bila wakili. Alibeba notisi ya mjomba ya kumtaka ahame nyumba alimozaliwa, na albamu ya harusi ndani ya kiondo. Mjomba alikuwa kwenye kizimba cha mashahidi, kavaa koti lake la kahawia la kanisani.

"Mjomba," Mutheu akaanza.

"Hapa mwite shahidi," hakimu alisema kwa upole.

"Shahidi, mama alipigwa wapi picha hii?"

"Studio, Shauri Moyo. Siku ile ile tuliyoandikiana. Nilimpeleka mimi."

"Mwaka gani?"

"Si nimesema elfu mbili kumi na nane? Au nikwambie kwa Kikamba ndiyo usikie?"

Watu wakacheka. Mutheu naye akatabasamu kidogo. Mjomba hakukosa maneno tangu zamani.

"Studio mlikuwa wangapi?"

"Mimi, dada yangu na mpiga picha. Na mpiga picha alikuwa nyuma ya kamera, kama hujui picha hupigwaje."

"Basi huu mkono ni wa nani?"

Karani wa ofisi ya ardhi alikuwa ameleta fomu halisi. Hakimu aliisogeza karibu na miwani. Mutheu akafungua albamu penye picha ya harusi, tarehe ya Agosti 2021 chini yake, akaiweka kando ya fomu: lesi ile ile, na kola ya mama imekunjika upande ule ule. Mjomba alijifuta uso kwa leso, akasema labda mpiga picha alikuwa na msaidizi.

"Msaidizi aliyevaa glavu za harusi?" hakimu akauliza.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi miwili. Uhamisho ule wa umiliki ulikuwa wa kughushi. Ufutwe, jina la Kavinya lirudishwe kwenye rejista, na faili ikabidhiwe wapelelezi. Mutheu aliinama, akashukuru, akatoka nje taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani.

Mama mdogo Mbeti, mdogo wake Kavinya, alikuwa akimsubiri langoni.

"Haya, nyumba umepata," akasema. "Sasa Jumapili uje na mbuzi, umwombe mjomba wako msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Umemvua nguo mbele ya watu, Mutheu! Nani alishinda mochari kuutoa mwili wa mama yako? Nani alisimamia kaburi? Wewe ulikuwa chini, unalia tu."

"Ni yeye. Nilimshukuru, mama mdogo, na hata kesho nitamshukuru."

"Basi piga magoti. Ni neno moja tu, mwanangu, tukae tena kama watu."

Mutheu akamkumbuka mjomba akitangulia mbele ya jeneza na msalaba mkononi. Mjomba alilia kweli siku ile. Kisha alirudi kwake na picha zilizobaki za kijitabu, akaketi na mkasi. Yote mawili aliyafanya mtu mmoja, wala Mutheu hakuona haja ya kulifuta moja kwa ajili ya lingine.

"Akiumwa nitakwenda kumwona," akasema. "Akija kwangu nitampikia chai, na mlangoni nitamwamkia kwa heshima. Lakini msamaha siombi. Sikumkosea. Siombi leo, wala Jumapili, wala siku nyingine yoyote."