Dakika za Mkunga

Kadi zilikuwa tatu, zimelala mapajani mwake: ya kijani kwa dakika tano, ya njano kwa dakika mbili, na nyekundu iliyoandikwa kwa herufi nene, MUDA UMEKWISHA. Katibu wa kongamano alimkabidhi siku ya kwanza, akamwambia kwamba mwanafunzi wa mazoezi anayeogopa kuinua nyekundu ni heri akapange viti. Tangu hapo kila mtu alimwita Bi Saa, kuanzia fundi wa vipaza sauti hadi maprofesa wenye mvi, na jina lenyewe lilimkaa vizuri.

Kazi aliifurahia kuliko alivyotarajia. Kwa wiki tatu alikuwa amechapa vitambulisho mia mbili na kumi, akapanga ratiba na kuipangua, akajifunza kwamba projekta ya ukumbi ule hukubali kuwaka ukiichomoa, ukahesabu hadi kumi, kisha ukaichomeka tena bila kuitukana. Jambo moja tu lilimkera. Jana, mtoa mada wa mwisho alikuta wakubwa waliomtangulia wamekula muda wake, akabakiwa na dakika nne. Alisoma mbiombio, hakuna aliyemuuliza swali, akaondoka bila hata kuonja chai. Kadi nyekundu Bi Saa alikuwa ameiinua, ndiyo, lakini aliiinua kama mtu anayejikinga jua, na hakuna aliyeiona. Alirudi nyumbani amenuna.

Leo wa mwisho alikuwa mkunga. Alifika asubuhi na mapema, bado ana mikunjo ya safari kwenye gauni, akiwa amekumbatia bahasha yenye kurasa kumi na mbili alizoziandika kwa mkono. Miaka sita ya kazi yake ilikuwa humo. Alisema wenzake wa zamu walimsikiliza akifanya mazoezi katika chumba cha kufulia mashuka, saa mkononi, hadi akatoshea katika muda wake.

"Mwanangu," aliuliza huku akibandikwa kitambulisho, "hizo dakika kumi na tano nitapewa kweli?"

"Zote, mama. Nakuahidi."

Ahadi ilimtoka kirahisi, maana alikuwa hajakumbuka ni nani atakayemtangulia mkunga. Kisha akaitazama ratiba. Alikuwa ni baba yake mzazi.

Baba alikuwa profesa wa takwimu, mtu mchangamfu, mpenzi wa watu, na msemaji asiyejua kituo. Shangazi alimpachika jina la Redio, akidai kaka yake alizaliwa bila kitufe cha kuzimia. Mezani, kisa chochote alichokianzisha Bi Saa kilimaliziwa na Baba, tena kwa utamu zaidi, na Bi Saa akaishia kucheka kisa chake mwenyewe kama mgeni. Alimpenda baba yake mno. Lakini hakukumbuka lini alimaliza kumsimulia kitu.

Ni Mama peke yake aliyeweza kumnyamazisha. Baba akinogewa hadi mchuzi ukaanza kuganda, Mama hagombi wala hakohoi. Hunywa chai yake ikaisha, akakifudikiza kikombe juu ya kisahani, taratibu. Baba hukatiza hapohapo, katikati ya neno kama ikibidi, na chakula kikapakuliwa. Watoto walijua kikombe kile kina mwenyewe, na hakuna aliyewahi kukigusa.

Kwenye kongamano baba na binti walikubaliana kutojuana, maana Bi Saa hakutaka kuitwa mtoto wa profesa. Asubuhi hiyo Baba alimuuliza habari za kazi kwa heshima zote, halafu akamkonyeza.

Baba alianza vizuri. Ukumbi ulicheka, ukaandika, ukacheka tena. Ikainuliwa ya kijani, ikainuliwa ya njano, na Baba akajitia hamnazo. Ilipoinuliwa nyekundu aliitikia kwa kichwa, akatangaza kwamba anamalizia, kisha akafungua jedwali jipya. Bi Saa alimgeukia mwenyekiti wa kikao. Mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Baba, alikuwa akivikagua viatu vyake.

Kwenye safu ya mbele mkunga alitoa penseli. Akaukata ukurasa wa nne kwa mstari mmoja mrefu. Akatazama saa ya ukutani, akaukata wa tano. Akaukata na wa sita, bila kinyongo usoni, kama mtu aliyezoea kupunguza vyake ili wengine watoshe. Mstari ule wa tatu ulimchoma Bi Saa moyoni. Zilibaki dakika kumi na saba kabla ya chakula cha mchana.

Aliinua nyekundu tena, safari hii juu kabisa. Baba akaipungia mkono.

Mbele ya Bi Saa palikuwa na kikombe chake cha chai ya saa nne, kimebakiwa na funda moja lililopoa. Akalinywa. Akapiga moyo konde, akakifudikiza kikombe juu ya kisahani.

Mlio wake ulikuwa mdogo tu. Baba akakatiza katikati ya neno "asilimia".

Alikitazama kikombe, akamtazama mwenye kikombe. Kisha akaangua kicheko, kile cha nyumbani, cha mabega.

"Samahanini," alisema kwenye kipaza sauti, "naona chakula kimepoa." Hakuna aliyeelewa, ila wote walicheka naye, naye akaenda kuketi.

Mkunga alisimama, akazigeuza kurasa zake kurudi mwanzo, akazisoma zote pamoja na zile zilizokatwa. Alieleza jinsi alivyoanza kumsindikiza kila mama aliyejifungua hadi getini, na jinsi akina mama waliosindikizwa walivyorudi kliniki kwa wingi kuliko wale walioagwa mlangoni mwa wodi. Kadi ya kijani ilipopanda alitabasamu. Nyekundu haikuhitajika.

Palikuwa na nafasi ya swali moja. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Baba, na Bi Saa akampelekea kipaza sauti huku akiitupia jicho saa ya ukutani.

"Njiani mnazungumza nini?" Baba aliuliza, akakirudisha kipaza sauti.

Mkunga alizikunja kurasa zake. "Mimi sizungumzi, Profesa. Nanyamaza. Hatua chache tu, wenyewe wanaanza."

Makofi yalichukua muda kuisha. Mkunga alipokuwa akitoka, watu watatu walimzingira wakitaka nakala, naye akageuka kumtafuta Bi Saa, akamwonyesha vidole kumi, kisha vitano.

Baba alikuja wakati Bi Saa akikusanya kadi. Alikigeuza kikombe kikasimama sawa, akasema atamsindikiza hadi kwenye jumba la chakula. Wakashuka ngazi, wakakatiza uwanja wenye jua. Baba alitembea mikono nyuma, midomo ameibana, jasho likimtoka kwa juhudi. Walipita bustani, wakapita mlango wa maktaba. Bi Saa alisubiri aanze, kama siku zote. Ndipo alipogundua kwamba Baba naye anasubiri.

"Unajua, Baba," akasema, "ile projekta siku ya kwanza iligoma kabisa kuwaka."

Baba aliitikia kwa kichwa, akapunguza mwendo.