Koti ya Shangazi Nangila

Mahakama ile ya zamani inayotazama ziwa ilikuwa na historia ya kuheshimika. Tangu enzi za mkoloni, wauaji wenye majina makubwa walisimama katika kizimba chake cha mbao, na inasemekana alama za kucha zao bado zipo. Bridget, mwanafunzi wa kidato cha nne, alikwisha kuzitafuta kwa vidole. Kila likizo, wenzake wa bweni walipokwenda kuogelea, yeye alikwenda kusikiliza kesi, akakaa benchi la nyuma kama muumini mbele ya mahubiri matamu.

Leo benchi lilimchoma. Kizimbani alisimama shangazi yake Nangila, muuza mitumba wa soko la Kibuye, aliyemlea tangu utotoni. Alishtakiwa kuiba koti la ngozi la Kangethe, jirani yake wa kibanda. Koti lenyewe halikuwahi kupatikana.

"Ukileta mzaha wako wa shule humo ndani," shangazi alimwonya asubuhi, "kwangu hutakula tena."

Basi Bridget alikalia mikono yake. Magoti ndiyo yaliyokataa kutulia.

"Alinipigia simu mwenyewe," Kangethe alieleza. "Akasema, 'Nitakupelekea koti.' Mheshimiwa, utampelekea mtu koti kama huna?" Akarudi kuketi, ameridhika.

"Nilisema nitakupeleka koti," alisema Nangila. "Hapa, kwa mheshimiwa. Aliniita mwizi mbele ya wateja wangu."

Hakimu alivua miwani. "Mama, unataka niamini mtu mzima wa Kisumu hatofautishi koti na korti?"

Aliitamka ile *r* kama mtu aliyeilipia karo. Kisha akashika kalamu.

Bridget aliitazama kalamu ikishuka. Aliufikiria ugali, akamtazama shangazi, akainama nyuma ya mgongo wa mzee mmoja mnene. Sauti ya askari wa mahakama, ile ya kuamuru watu wasimame hakimu anapoingia, alikuwa ameifanyia mazoezi likizo nyingi.

"Kooooti!"

Chumba kizima kikasimama. Hata askari mwenyewe alikaza mwili, kisha akajishika koo kuhakikisha bado lipo. Kangethe aliwatangulia wote, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Bwana Kangethe," hakimu akauliza polepole, "mbona umesimama?"

"Nimesikia koti, mheshimiwa."

"Koti lako?"

"Hapana. Hii koti ya kusimama…" Akaketi kabla hajamaliza.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Bila ile simu, alisema, kesi haina mguu wa kusimamia. Nangila aende nyumbani. "Na aliyeita, ajitokeze."

Bridget akainua mkono.

Akawekwa mahabusu hadi jioni, ghorofa ya chini, walikopita wale wenye majina makubwa. Alizunguka chumba kile bila kukoma mpaka shangazi alipotokea upande wa pili wa vyuma.

"Shangazi, ile ya kutokula bado ipo?"

Nangila alimkazia macho.

"Nilisema kwangu hutakula," akajibu, akipenyeza bakuli la ugali na omena. "Hapa ni kwangu?"

Bridget alikula amesimama.