Mgomba wa Ramiro

Kosa nililifanya mimi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne, nikiwachapa watoto wa Malava kwa makosa madogo kuliko hilo, kwa hiyo ni haki nilieleze langu bila kuzungukazunguka.

Nelida ni wifi yangu. Aliolewa na kaka yangu Wangila, ambaye alipelekwa Meksiko kusomea utengenezaji wa sukari, akarudi mwaka wa themanini na nne na cheti, masanduku mawili na mwanamke mweupe aliyekuwa ametoroka kwao Argentina. Mama yetu alilia siku tatu. Siku ya nne Nelida aliingia shambani na panga, akakata mstari mzima wa miwa kabla ya saa nne, kwani kumbe alizaliwa Tucumán, mkoa wa miwa na viwanda kama huku kwetu. Mama akafuta machozi, akamchinjia ingokho, kuku wa mgeni wa heshima. Tangu siku hiyo sisi wengine tukawa wa pili nyumbani kwetu wenyewe.

Nampenda. Nalisema wazi kwa sababu watu hudhani wifi na wifi lazima wachimbane. Ni mkaidi, na baada ya miaka arobaini bado anakula obusuma, ugali wetu, kwa uma. Akikasirika anatukana Kihispania akidhani hatuelewi, na sisi tunaelewa vizuri sana. Lakini Wangila alipokufa, ni yeye aliyenishika mkono mimi, wakati mjane alikuwa yeye.

Nelida alikuwa na mdogo wake, Ramiro, mwandishi wa hadithi. Mwaka wa sabini na sita wanajeshi walipotwaa serikali ya Argentina, walianza kuchukua watu majumbani: wanafunzi, wafanyakazi wa viwanda, walimu, waandishi. Ramiro walimchukua akiwa na miaka ishirini na mitatu. Hakurudi. Hapakuwa na mwili wala barua, na hakuna askari aliyekubali kwamba alimwona. Siku hizo kitabu tu kilitosha kumponza mtu, kwa hiyo watu walichoma vitabu vyao wenyewe au kuvifukia uani. Mama yao alitia hadithi za Ramiro ndani ya debe la mafuta, akalizika chini ya banda la kuku, na likakaa huko miaka saba, hadi wanajeshi walipoondoka madarakani. Lilipofukuliwa, karatasi zilikuwa na madoa ya kutu lakini zilisomeka.

Hadithi hizo ndizo tunazozitafsiri, mimi na Nelida, kila alasiri mezani kwake, mwaka wa pili sasa. Yeye anazileta kwa Kiswahili chake cha shambani, mimi nazinyoosha. Tunagombana sana. "Ramiro hakuwa mchungaji, Naliaka," ananiambia. "Usimvalishe tai." Basi navua tai, nasoma tena, naona ni kweli, na simwambii. Ni hadithi za wakata miwa, za mwaka wa sitini na sita serikali nyingine ya kijeshi ilipofunga viwanda vya Tucumán na watu wakabaki na miwa iliyoiva isiyo na pa kwenda. Nilipoisoma ya kwanza nilimuuliza kama ana hakika mdogo wake hakuwahi kufika Shianda, huku kwetu. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa, mwezi wa saba, Nelida alianza kumwota. Alinisimulia akimenya viazi, kama mtu anayesimulia habari za mvua. Ramiro anasimama langoni, haingii. Haongei. Ana baridi.

Kwetu ndoto kama hiyo haihitaji mwalimu. Mtu aliyepotelea mbali, majini au vitani, mwili usionekane, hazunguki hivyo bure. Anataka kulazwa. Tunamkatia shina la mgomba, urefu wake, tunalivisha shuka, tunalililia na kulizika kama mtu, naye anatulia. Nimeona likifanyika mara mbili, na mara zote mbili walioachwa walipata usingizi. Nikawaza, huyu mwanamke ametuzikia baba, mama, na mume. Sisi tumemzikia nani?

Nikaenda kwa Philemon, binamu yangu, ambaye ndiye mzee wa ukoo. Alikunja uso.

"Mwalimu, shemeji hazikwangi kwa dada yake. Anazikwanga kwao."

"Kwao ni Argentina. Utambeba wewe?"

Akafikiria, akasema basi iwe kando ya ua, nje ya makaburi yetu. Mchungaji Nehemiah akakubali kusoma ibada. Kina mama wa kanisa wakagawana mchele, mboga na sufuria. Nilitaka iwe zawadi, kwa hiyo nikaamuru kila mtu afunge mdomo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Malava kila mtu akaufunga. Jumamosi asubuhi nilimtuma Nelida mjini Kakamega akachapishe kurasa tulizokuwa tumekamilisha. Alipopanda boda boda tu, vijana wakaanza kuchimba.

Nilijipaka ujinga kwa mkono wangu mwenyewe, kwa rangi nyeupe, juu ya msalaba: RAMIRO, 1953–1976. Mwandiko wa ubao, ulionyooka. Nilirudi nyuma hatua mbili kuutazama na nilijisifu.

Nelida alirudi saa saba. Alikuta tenti, viti vya plastiki, watu kama mia mbili, kwaya imesimama. Alidhani nimekufa mimi. Nilimwona akinitafuta kwa macho, rangi imemtoka, na aliponiona alitabasamu kwa nafuu hivi kwamba nikaona zawadi yangu imepokelewa. Nikamshika mkono, nikampeleka kando ya ua. Akaliona shimo. Akaliona shina limelala kwenye mkeka, limevikwa shuka jeupe. Akausoma msalaba.

"Nani ameandika hii tarehe?"

"Mimi, wifi. Ni mgomba wa Ramiro. Tumlaze, apumzike."

Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Naliaka," alisema, "wanajeshi walituletea sheria. Mtu wako amepotea? Njoo kortini, tutaandika kwamba amekufa, tutapiga muhuri, kila mtu aende nyumbani. Mama yangu alikataa. Wakamwambia, mama, kubali, amekufa. Akasema, nani alimuua? Wapi? Siku gani? Nijibuni hayo, ndiyo nitavaa nyeusi. Akafunga kitambaa cheupe kichwani, akazunguka uwanja pamoja na kina mama wengine, kila Alhamisi, mpaka magoti yakaisha. Alikufa hajajibiwa. Hakuwafanyia hao watu kazi yao hata siku moja." Akagusa ile rangi, ilikuwa haijakauka vizuri. "Wewe umewafanyia kwa asubuhi moja."

Mkoba wenye kurasa ulimtoka begani, hakuuokota. Akaingia nyumbani kwake akafunga mlango.

Kwaya, kwa kuwa hakuna aliyewaambia lolote, ilianza kuimba. Niliwanyamazisha kwa jicho. Philemon akanijia upesi.

"Mwalimu, hata kama amekasirika, hili kaburi limeshachimbwa. Haliwezi kulala wazi. Litaita mtu wa hapa."

"Tuendelee tu polepole," akasema Mchungaji Nehemiah. "Wazungu huchelewa kuelewa. Kesho atashukuru."

Nitakiri jambo. Kwa muda wa pumzi mbili hivi nilitaka kumsikiliza. Wali ulikuwa umeiva, watu walikuwa wametoka mpaka Mumias, na kuyafuta mazishi mbele ya ukoo mzima ni aibu ambayo hata wajukuu wako huikuta ikiwasubiri. Ningeweza kunyamaza, mgomba ungeingia ardhini, na mimi ningebaki mwalimu Naliaka asiyekosea. Ila nilijua mlango ule usingefunguliwa tena kwangu. Wala meza ile. Wala kugombana.

Nikaenda nikasimama mlangoni pake. Nikamwambia kupitia mbao kwamba nimekosa, kwamba sikumuuliza kwa sababu nilikuwa na hakika, na kwamba hakika yangu ndiyo ugonjwa wangu tangu utotoni, hata Wangila alikuwa akisema. Nilisikia kiti kikivutwa ndani, lakini mlango haukufunguliwa.

Nikarudi, nikaung'oa msalaba wangu, nikampa Philemon.

"Kaburi linataka kitu? Zikeni hiki. Shina nalo litieni, lakini ni shina tu la mgomba, halina jina la mtu."

"Bila maombi?"

"Utauombea mti?"

Alinitazama kama anayetaka kubisha, akaona uso wangu, akaita vijana. Udongo ukaanza kuanguka juu ya mwandiko wangu mzuri, na mimi nikaokota mkoba wa Nelida, nikaenda mbele ya tenti.

"Hakuna mazishi," nikasema. "Nimewaita kimakosa. Kosa ni langu peke yangu, msimlaumu mwenye nyumba."

Mnajua kelele za watu waliovaa nguo za kanisa wakaambiwa hakuna ibada. Mama mmoja akauliza, kwa sauti ya kutosha, kama hata chakula kimefutwa. Mwingine akasema, "Sasa tulikuja kufanya nini?"

"Mlikuja kumlilia mtu msiyemjua. Kaeni basi mumjue."

Nikatoa karatasi, nikasoma ya juu bila kuchagua. Ilikuwa hadithi ya mwisho kwenye debe. Kiwanda kimefungwa, king'ora kimenyamaza, wanaume wa mtaa wa miwa wanalala hadi jua kali kwa kuwa hakuna wa kuwaamsha, na aibu inawakalia usoni. Bi kizee mmoja anaitwa Eulalia ana pembe la ng'ombe la marehemu mumewe. Kila saa kumi na moja alfajiri anapanda juu ya paa la jikoni, analipuliza, na wanaume wanaamka, wananawa, wanatoka nje na mapanga yao kama kawaida, ingawa hakuna kazi.

Kelele zilikuwa zimepungua. Nilipofika pale Eulalia anapoteleza na kubaki ananing'inia kwenye paa huku bado anapuliza, kina mama wakaangua kicheko. Watu hawa wanajua kiwanda kikinyamaza kijiji husikika vipi. Mzee mmoja aliyekata miwa maisha yake yote akasema, "Hiyo ni kweli, unaamkanga tu hata kama hakuna kazi," na wenzake wakaitikia. Hata waliokuwa wakijaza kaburi walikuja na majembe yao, wakasimama nyuma ya viti.

Sikumwona Nelida akifungua mlango. Nilipogeuza ukurasa nilimkuta tu ameshasimama pale kizingitini, mikono kifuani.

Wanajeshi wanaisikia habari ya pembe. Wanasema ni ishara ya waasi, wanaanza kupekua nyumba moja baada ya nyingine. Eulalia analificha pembe ndani ya sufuria ya uji, anaketi, anasubiri. Usiku unapita. Alfajiri, saa ile ile, mlango unabishwa. Anajifunga kitambaa, anainuka. Nikasoma: "Akafungua mlango, na mbele yake alikuwa amesimama"

Nikaishusha karatasi.

"Amesimama nani?" akauliza mama yule wa chakula.

"Hakuandika. Hapo ndipo karatasi inapoishia. Walimchukua juma hilo."

Mtoto alilia, akanyonyeshwa. Kisha Philemon akapita katikati ya viti, udongo umemjaa mikononi, amekasirika kabisa, kama mtu aliyeibiwa ng'ombe wake mwenyewe.

"Ngoja kwanza. Walimpeleka wapi?"

"Haijulikani, mzee."

"Haijulikani namna gani? Mtu mzima! Ni nani alikuja kumchukua? Hawana majina?"

"Na ilikuwa siku gani?" akadakia Mchungaji Nehemiah, akiwa bado ameshika Biblia aliyokuwa ameifungua kwa ajili ya mazishi. "Si lazima kuna mtu aliona?"

Wakaanza wote, kila mmoja na swali lake, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kikabras chetu cha nyumbani, wazee kwa vijana, nani, wapi, lini, kwa nini hawasemi. Nikamtazama wifi yangu. Miaka arobaini tumemwambia pole. Tumemwambia Mungu anajua, tumemwambia jikaze, tumempelekea sukari na majani ya chai, nami hapa nilikuwa nimemletea kaburi. Katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

Nelida alishuka ngazi, akaja mpaka mbele, akasimama kando yangu, bega kwa bega. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Hakunitazama, lakini aliichukua ile karatasi mkononi mwangu na mkono wake mwingine akaupitisha kwenye kiwiko changu.

"Ulizeni tena," akawaambia. "Kwa nguvu."

Wakauliza tena, nami niliuliza pamoja nao, kwa sauti ile niliyokuwa nikiwaitia watoto kutoka upande wa pili wa uwanja.