Safari za Gari Lililosimama

Siku Cyrille alipouza boti yake moja akanunua Peugeot 404 isiyowaka, majirani zake wa Kalemie walipata cha kuzungumza. Gari lilikuwa limelala miaka mingi nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, kuku wakitaga kwenye kiti chake cha nyuma. Lakini kila kitu chake kilikuwa cha asili: usukani mwembamba, taa za mviringo, hata rangi yake ya maziwa. Walipolisukuma hadi uani kwake, Cyrille alitangulia mbele akicheka peke yake kama bwana harusi. Mzee mzima, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na aibu hana.

Mkewe Nadine hakumcheka. Alilizunguka gari polepole, akagusa taa, kisha akasema lililokuwa moyoni, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Ketsia, unajua munganga wa hospitali alisema nini juu ya macho yangu. Dawa inachelewesha tu. Mbele giza haijafika, unipeleke Mpala. Nataka nione kanisa na ziwa toka pale juu ya kilima, vile nilikuwa ninaona nikiwa mutoto. Mara moja tu."

"Na gari hii hii," Cyrille akaapa. "Ikiwaka tu, ile njo safari ya kwanza."

Kabureta ilikuwa imekufa. Fundi Alfani alifungua boneti, akasema kazi ni ndogo: atafunga kabureta ya Toyota, na juma lile lile watakuwa njiani. Cyrille alikasirika kana kwamba ametukaniwa mama yake.

"Ya Toyota uweke ndani ya Toyota! Hii ni orijinali, itabaki orijinali."

Akaagiza kabureta ya 404 kwa jamaa yake wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na kungoja kukaanza.

Kungoja kwenyewe kulikuwa kutamu, na utamu huo ndio uliowaponza. Jua likipoa, mume na mke waliingia garini, wakafunga milango. "Funga macho," Cyrille alisema, na Nadine akafunga. Naye akafunga yake, akashika usukani, akanguruma kwa mdomo, na gari likaondoka bila kuondoka. Walipita mashamba ya mihogo, ziwa likiwafuata upande wa kushoto. Siku nyingine walipanda hadi Pepa, kule milimani, ng'ombe wakawazibia njia, ukungu ukaingia dirishani.

"Tumefika wapi?" Nadine aliuliza.

"Juu kabisa. Nyosha mukono, unasikia baridi?"

Nadine alinyoosha mkono, na baridi akaisikia kweli. Harufu ya majani mabichi ilijaa garini, ingawa wote wawili walijua kiti kile kinanuka kuku. Wakirudi, ugali ulikuwa umepoa, nao hawakujali. Mpala tu ndiko hawakufika kamwe. "Ile tutaiona na macho," Cyrille alisema kila mara.

Asubuhi walilitunza. Cyrille alipangusa vumbi na kufukuza kuku, Nadine akapaka bampa mawese, kwa sababu upepo wa ziwa hula chuma. Baadaye akaanza kuacha mabaka makavu. "Mama Ketsia, siku hizi unapaka sawa na muntu mwenye usingizi," Cyrille akamtania, akayamalizia mwenyewe. Boti kutoka Kigoma zilikuja mikono mitupu. Moja ikaleta kabureta ya gari jingine, akairudisha. Alfani alipotaja tena ile ya Toyota, alifukuzwa uani. Mvua zikaja, zikaisha. Mwanamume huyu aliyeweza kuona mkwaruzo mwembamba kama unywele kwenye mlango wa gari hakuona kwamba mke wake sasa anapapasa ukuta akienda jikoni.

Hatimaye kabureta halisi ilishuka bandarini, imeviringishwa katika gazeti. Alfani akaifunga. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikaimba. Cyrille alilia waziwazi mbele ya majirani. Kesho yake asubuhi waliondoka.

Njia ilikuwa mbaya kuliko zile za jioni. Cyrille hakuondoa macho kwenye mashimo, akisikiliza kila mlio wa gari. Nadine alikaa uso dirishani, akitabasamu. Juu ya kilima Cyrille akasimamisha gari. Chini yao ilikuwa Mpala: kanisa la zamani, mitumbwi mchangani, ziwa jeupe kwa jua hadi lilipokutana na mbingu.

"Tumefika," alisema bila kugeuka. "Sasa fungua macho, Mama Ketsia."

"Iko wazi, Papa Ketsia."

Akageuka. Yalikuwa wazi kweli, yameelekea kioo cha mbele, na alipopunga mkono mbele yake hayakupepesa.

"Tangu lini?"

"Toka mvua haijaanza. Ulikuwa unafurahi sana, sikutaka nikuvunjie." Nadine alitafuta mkono wa mumewe, akaukuta juu ya usukani. "Usizime gari. Niambie tu, vile unanielezaka jioni."

Cyrille, aliyemwonyesha kila jioni njia ambazo wote wawili hawakuziona, alilitazama ziwa zima mbele yake, akakosa pa kuanzia.