Siku Bibi Rula Alipokaa Dawatini

Darasa la sita lilikuwa darasa pekee katika shule ile lisilo na kiti cha mwalimu. Kiti kilikuwepo zamani. Mwalimu wa hesabu alikitoa mwenyewe mwaka wake wa kwanza kazini, akampelekea mlinzi wa getini, akisema kwamba mwalimu akikaa tu, usingizi unamjia mbio, na wanafunzi wanamfuata nyuma. Tangu hapo watoto aliowafundisha walikua, wakaoa na kuolewa, wakamletea watoto wao, naye bado alikuwa wima mbele ya ubao na rula yake ndefu ya mbao mkononi. Kwa sababu ya rula hiyo wanafunzi walimwita Bibi Rula. Hakuwahi kumchapa mtu nayo. Aliichorea mistari, na kelele zikizidi aliigonga mezani na kuuliza, "Jamani, hapa ni sokoni?"

Neno jingine alilojulikana nalo kwa walimu wenzake ni "Nileteeni." Kwaya imekosa msimamizi? Nileteeni. Kamati ya mitihani haina katibu? Nileteeni. Hata kengele ilikuwa yake, maana siku moja mgonga kengele aliumwa, Bibi Rula akasema ataishika kwa wiki moja, na wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kila kazi ya shule iliyokosa mwenyewe ilijua njia ya kufika mezani kwake.

Alikuwa mtu wa sala. Kila asubuhi, akitembea kwenda shuleni, aliwataja wanafunzi wake mbele ya Mungu mmoja mmoja, dawati kwa dawati: huyu mama yake mgonjwa, yule ana aibu, huyu ana akili lakini mvivu, Mungu wangu msukume kidogo. Lakini muhula huu sala ilikuwa imefupika. Alikuwa akitaja watatu wanne, kisha anamalizia, "Na wale wengine wote, Bwana, unawajua." Mara nyingine haikubaki sala, bali ombi moja tu: "Nivushe leo."

Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini. "Mwalimu, utaratibu unakuruhusu sasa kustaafu mapema ukitaka. Ijumaa nipe jibu. Unabaki na hawa watoto mpaka la saba, au unatuaga?"

"Nitakupa jibu Ijumaa," akasema. Moyoni jibu lilikuwa tayari. Alikuwa anaaga.

Basi Jumatano akaingia darasa la sita, akachora ubaoni mstatili mkubwa. "Huu ni mkate," akasema. "Mimi nina nusu mkate. Jirani kaniletea theluthi ya mkate. Jumla nina mkate kiasi gani?"

Alijua kinachofuata. Kila mwaka, bila kukosa, darasa zima hujumlisha namba za juu kwa juu na za chini kwa chini na kupaza sauti, "Mbili kwa tano!" Kisha mwalimu hutoka jasho wiki nzima kuling'oa kosa hilo. Lakini siku hiyo mikono ilichomoza kila dawati. Hata yule msichana wa dirishani, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuhesabu ndege, alikuwa amenyoosha mkono.

"Haya, wa dirishani, tusikie."

"Tano kwa sita, Mwalimu!"

"Mbona isiwe mbili kwa tano?"

"Kwa sababu vipande havilingani. Inabidi mkate wote uukate sita kwanza. Nusu inakuwa vipande vitatu, theluthi inakuwa viwili."

Bibi Rula alisimama na chaki yake hewani. Akawapa swali la pili, wakalijibu. La tatu, wakalijibu. Uchovu ukamtoka mabegani kama mzigo ulioshushwa, akaanza kutania. "Huyo jirani naye mchoyo, jamani! Theluthi tu? Angemalizia hata mkate ukawa mzima!" Darasa likacheka, naye akacheka, mpaka ikabidi afute macho kwa mgongo wa mkono wenye chaki.

Aliingia chumba cha walimu kichwa juu. "Wenzangu, leo nimeona maajabu. Darasa la sita, sehemu, somo la kwanza kabisa, na hakuna aliyekosa! Hakuna!"

Mwalimu kijana wa sayansi, ambaye darasa lake lilipakana na la sita, aliinua macho kutoka kwenye kikombe chake. "Samahani, Mwalimu. Ni lile la mkate na jirani?"

"Hilo hilo."

"Mbona... jana nilikusikia ukutani. Mkate na jirani, neno kwa neno."

Mwalimu wa michezo, mtu mwenye kifua kipana na cheko lake kubwa kuliko kifua, akashindwa kujizuia. "Kumbe huyo jirani anakuja kila siku! Mwalimu, atakujazia mikate nyumba nzima!"

Wakacheka wote, na Bibi Rula akacheka nao, lakini uso wake ulikuwa umeshuka. Jana ikamrudia vipande vipande: alikuwa amesimama ubaoni na kichwa chake kiko kwenye kikao cha kamati, mdomo unafundisha wenyewe, macho yako kwenye saa asije akachelewa kugonga kengele. Alikuwa amefundisha somo zima bila yeye mwenyewe kuwemo. Chai ikamshinda. Akaiacha, akarudi darasani.

Ilikuwa mapumziko. Ndani walibaki wawili, kiranja wa darasa akifuta ubao na yule wa dirishani akimtazama anavyofuta.

"Kiranja, jana nilifundisha nini?"

Kiranja akaangalia viatu vyake. "Mkate, Mwalimu."

"Na leo?"

"Mkate."

"Mbona hamkuniambia? Darasa zima mnanikalia kimya!"

"Usikasirike, Mwalimu."

"Sijakasirika. Sema."

"Huyu alitaka kusema. Nikamkanyaga mguu."

"Tena aliniumiza," akasema wa dirishani.

Kiranja akakunja kitambaa cha ubao mara mbili, akakikunjua. "Jana hatukuelewa, Mwalimu. Ulienda mbio. Tulipotoka tukachora mkate chini kwa kijiti, tukabishana njia nzima, mpaka nikawaonyesha. Ulipoanza tena leo tukasema labda umejua, ndiyo maana unarudia."

"Na ukasimama wewe ukawafundisha? Njiani?"

"Alikuwa ni wewe kabisa!" wa dirishani akaingilia. "Alishika fimbo hivi, akasema, jamani, hapa ni sokoni?"

Kiranja akafunika uso. Bibi Rula alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa kuchagua. "Na mlipogundua sikujua kwamba narudia?"

"Ulikuwa umeanza kucheka," kiranja akasema polepole. "Muhula huu hujacheka, Mwalimu. Tukaona tukisema tutaharibu."

Jioni alimkuta mume wake, fundi saa, kwenye meza yake ya kazi mlangoni, kioo cha kukuzia kikiwa kimebanwa jichoni. Akamsimulia yote, kisha akasema alichokuwa amekificha tangu Jumatatu. "Nimezeeka, baba watoto. Ijumaa naaga."

Mume akatoa kioo. "Unaaga kwa kuwa watoto wameelewa?"

"Naaga kwa kuwa nimesahau jana yangu!"

"Mimi mwenyewe husahau hata miwani iko kichwani, na hujaniacha." Akaona hacheki, akaacha utani. "Hebu niambie, mama watoto. Umewachoka watoto, au umechoka na kengele?"

Bibi Rula aliingia chumbani, akapiga magoti, akaamua kuwaaga wanafunzi wake kwa sala, kama inavyostahili. Akaanza na dawati la kwanza, la kiranja. Akamtaja. Akaenda dawati la pili, na la tatu, na safari hii hakusema "wale wengine wote." Kila mtoto alipotajwa, neno la kuaga lilikataa kutoka na badala yake ilimtoka shukrani. Mungu wangu, ahsante kwa huyu anayechora mikate njiani. Ahsante kwa huyu aliyekanyagwa mguu kwa ajili yangu. Machozi yakamlowesha mikono. Alipomaliza madawati yote, akajaribu kuiaga kamati ya mitihani. Ikaagika bila chozi hata moja. Kengele nayo ikaagika. Kwaya aliiaga kwa huzuni kidogo, ikapita.

Akakaa pale pale sakafuni, akacheka peke yake. Jibu lake alikuwa amelipata, tena alikuwa amelia kwa ajili yake.

Ijumaa aliingia ofisini kabla ya kuitwa. "Mkuu, nabaki."

Mwalimu mkuu akapiga makofi. "Nilijua tu!"

"Ngoja, sijamaliza. Kengele mpe mwalimu wa michezo, ana mapafu, nimeyasikia. Kwaya mpe kijana wa sayansi. Masikio yake yanasikia hata ukutani."

"Na kamati?"

"Kamati nakurudishia wewe mwenyewe."

"Mwalimu, utaniua!"

"Utapona. Mimi nimeshaanza kupona. Na jambo la mwisho: kila Ijumaa, somo la hesabu darasa la sita litakuwa la kurudia lililopita, na watakaofundisha ni wao. Nataka na kiti changu kilichoko kule getini."

Mwalimu mkuu akakuna kidevu. "Hapo pagumu. Mlinzi kakizoea, miaka yote hii. Ukimnyang'anya atalia."

"Basi mwache nacho. Nitakaa nitakapopata."

Akapata dawatini. Ijumaa hiyo hiyo alimkabidhi kiranja rula, akapita katikati ya darasa lililomtumbulia macho, akajibana nyuma kabisa karibu na wa dirishani, magoti yakigonga ubao wa dawati. Miguu yake, iliyosimama umri wote ule, haikujua la kufanya.

Kiranja alianza kwa sauti ndogo. Akachora mkate, akaukata kwa mistari iliyopinda, kipande kimoja kinene na kingine kama karatasi. Bibi Rula aliliona kosa, na mwili wote ukataka kuinuka. Akashika dawati kwa mikono miwili. *Nishikilie hapa, Bwana,* akaomba, *nisiende.* Hakwenda. Kando yake, mkono ukanyooka.

"Vipande havilingani," akasema wa dirishani. "Utamdhulumu jirani."

Kiranja akatazama ubao, akafuta, akaweka rula vizuri, akachora upya. Safari hii vipande sita vilikaa sawasawa, na sauti yake ikapata nguvu. Aliwauliza maswali, akawasubiri wazito bila kuwaharakisha, akamsifu aliyekosea kwa kujaribu. Bibi Rula aliitazama mistari ile iliyonyooka na kifua kikamjaa. Hakukuwa na kitu shuleni pale kilichompa fahari kama mistari ile, na hakuichora yeye. Akashindwa kujizuia, akamnong'oneza jirani yake wa dawati, "Umemwona mwenzio anavyofundisha? Umemwona?"

Rula ikagongwa mezani.

"Wewe mama hapo nyuma! Hapa ni sokoni?"

Darasa likaganda. Kiranja mwenyewe aliganda, mkono mdomoni, asiamini kilichomtoka. Bibi Rula akasimama polepole kwenye nafasi ile finyu, mikono pembeni kama mwanafunzi mwenye adabu.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Nisamehe."

Akakaa. Kicheko kikalipuka mpaka mwalimu wa sayansi akachungulia mlangoni, na kiranja akasubiri kiishe, kisha akageukia ubao na kuandika swali jipya. Bibi Rula akalisoma, akalifanya kichwani, na alipohakikisha jibu, akanyoosha mkono.