Meno ya Kushikia Filimbi

Refa husamehewa mambo mengi. Anaweza kuwa na kitambi, anaweza kuwa mwoga wa mvua, anaweza hata kuwa shemeji wa golikipa, na watu watampigia kelele wiki nzima kisha wasahau. Lakini refa aliyepuliza filimbi ikatoka pamoja na meno, huyo hasahauliki.

Na hilo ndilo lililompata Mama Pacha, mbele ya uwanja uliojaa hadi juu ya kuta.

Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yameng'oka miaka kadhaa kabla, kwenye kona moja ya vurugu, kiwiko cha mchezaji kilipomkuta mdomoni. Alitema damu, akatoa kadi nyekundu, akamaliza mechi, na kuanzia siku hiyo watu wakamwita Kamanda. Akatengenezewa meno ya kuvaa na kuvua, kipande cha plastiki kinachojibana kwenye kaakaa. Kwa kula na kuzungumza yalimfaa. Kwa filimbi, wapi! Refa anayekimbia huibana filimbi kwa meno, na kila alipoibana, kile kipande kilicheza. Alijaribu kuishika kwa midomo mitupu, pumzi ikawa inavuja pembeni. Akajitia hamnazo, akaendelea kuchezesha hivyo hivyo.

Siku ya fainali, kati ya timu ya Kiwanda cha Sabuni na timu ya Soko Kuu, beki mmoja wa Sabuni, pande la mtu waliyemwita Baunsa, alimfagia mshambuliaji wa Soko ndani ya boksi, peupe kabisa. Mama Pacha akavuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote. Ikatoka "fyuu" nyembamba, kisha filimbi na meno vikaruka pamoja hadi kwenye majani.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja tu, kunyoosha mkono na kuonyesha penalti. Mkono ukaenda mdomoni. Akaziba pengo, akainama kutafuta meno yake, na yeye akiwa bado anapapasa, Sabuni waliuchukua mpira, wakaufikisha upande wa pili na kufunga. Goli likawa goli, kwa kuwa hakuna aliyelikataa. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Sabuni wakabeba kombe, na Kamanda akarudi nyumbani akiwa na jina jipya, Kibogoyo.

Kuchekwa kulimuuma, asikudanganye mtu. Lakini kilichomkosesha raha hasa ni ile penalti.

"Nilitafuta meno badala ya kutafuta haki," alimwambia mumewe, fundi baiskeli, aliyekuwa amekaa mlangoni anaziba tyubu.

"Si uache tu, mama? Umeshachezesha sana. Umri nao unasogea."

"Umri haujanipiga kiwiko, Baba Pacha. Nitarudi."

Mwenyekiti wa marefa naye alimwita ofisini, akamwambia kwa ule upole unaoudhi kuliko tusi, "Dada yangu, kaa mezani kwa sasa, uwe unaandika wachezaji wa akiba. Ukiweza kupuliza filimbi uwanja mzima ukasikia, njoo tuzungumze." Mama Pacha akashukuru kwa kutikisa kichwa, mdomo kaufunga. Akatoka hapo akaenda moja kwa moja kwa daktari wa meno.

Daktari alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye mikono isiyo na haraka. Ukutani kwake, kando ya picha ya ufizi uliokatwa nusu, alikuwa ametundika skafu ya timu. Ya Sabuni. Mama Pacha alipoiona alitaka kugeuka, ila alikuwa ameshalala kwenye kile kiti na taa iko usoni.

"Ala!" Daktari akamtazama vizuri. "Si wewe yule refa? Mama, nikushukuru. Goli lile ndilo lililotupa kombe!"

"Goli lile halikuwa halali. Ilikuwa penalti."

"Penalti ya nani? Yule mtu alijiangusha."

"Alifagiwa! Mimi nilikuwa hatua..."

"Panua mdomo."

Akapanua. Sasa utabishana vipi na mtu aliyekuwekea kioo na chuma mdomoni? Daktari akachungulia huku akimsimulia, kwa raha zake, jinsi mshambuliaji wa Soko anavyojulikana kwa kujiangusha. Mama Pacha akasema "aa, aa" kwa hasira mpaka mate yakamtoka.

Baada ya picha ya taya, utani uliwekwa kando. Daktari akamweleza kwamba meno ya kudumu hayabandikwi juu ya fizi, hupandwa. Ndani ya mfupa wa taya huingizwa skrubu ndogo ya madini ya titani, mahali palipokuwa na mzizi wa jino. Mfupa ukiachwa utulie, humea na kuikumbatia ile skrubu mpaka viwe kitu kimoja, na hapo ndipo jino hufungwa juu yake. Jino la namna hiyo halivuliwi wala halichezi.

"Na filimbi litashika?"

"Litashika. Kwa adabu lakini, usiitafune. Ila kwanza mfupa uachwe ufanye kazi yake. Miezi kadhaa, mama, hapo mbele hapaguswi. Filimbi marufuku mpaka mimi niseme."

"Nimeelewa."

"Umeelewa au umesikia?"

"Daktari, mimi ni refa. Sheria nazijua."

Pikipiki yake ikauzwa ili kulipia meno, naye akaanza kwenda kwa miguu kwenye stoo ya vifaa vya umeme alikokuwa karani. Hakulalamika, maji alikuwa ameshayavulia nguo. Siku ya kupandwa alidungwa ganzi, akasikia mtetemo wa mashine hadi kwenye masikio, akakaza vidole kwenye kiti na kutazama ile skafu bila kupepesa. Aliporudi nyumbani na mdomo uliovimba, mumewe alimpikia uji, akaupuliza mpaka ukapoa.

Sasa basi. Mwanamke huyu aliwahi kumpa kadi mchezaji kwa kupiga penalti kabla ya filimbi kulia. Aliwafokea vijana wasiohesabika, "Subiri filimbi! Una haraka ya nini?" Na yeye mwenyewe, wiki chache tu baada ya kupandwa, uvimbe umekwisha na maumivu hakuna, akaanza kujishawishi kwamba amepona. Akavaa kile kipande cha plastiki alichopewa cha kuficha pengo kwa muda, akajifungia stoo nyuma ya mabunda ya nyaya, akabana filimbi, akapuliza. Taratibu tu, alijiambia. Kesho yake akapuliza tena. Siku iliyofuata akapuliza akiwa anakimbia kati ya rafu. Sauti ilikuwa inarudi, na moyo ukamjaa furaha.

Kisha asubuhi moja ufizi ukaamka mwekundu, akakimbilia kliniki. Daktari akaweka kidole kwenye skrubu ya kushoto, na Mama Pacha akaisikia ikizunguka. Haikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Daktari alivua glavu taratibu.

"Ulipuliza."

Mama Pacha akatazama dari. Akatafuta uongo wa kusema, akakosa hata mmoja wenye miguu.

"Nilipuliza."

"Ya kulia imenusurika. Hii inatoka. Tutasubiri tundu lipone, tutaongeza unga wa mfupa, tutapanda upya, tutasubiri tena. Kama unataka. Wengine hapa huishia."

Daktari akafungua droo, akatoa kadi ya miadi, nayo ilikuwa ya njano. Akainyanyua juu ya kichwa chake vile marefa wanavyofanya.

"Umeanza kabla ya filimbi, mama."

Mama Pacha angeweza kulia, na machozi yalikuwa karibu. Aliona aibu kuliko hata ile siku ya fainali, kwa sababu siku ile kilichomsaliti ni plastiki, na leo amejisaliti mwenyewe. Pikipiki haipo, muda umepotea, na ligi mpya itaanza bila yeye. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa filimbi yake ya chuma, iliyochubuka pale penye alama za meno yake ya zamani, akaiweka juu ya trei kati ya vile vyuma.

"Ifungie. Hata nikija kuiomba, usinipe. Tunaanza upya."

Daktari akaifungia kwenye droo, akaweka ufunguo mfukoni.

Basi akajikaza kisabuni, kama walivyomwambia marafiki zake wa Soko kwa kumchokoza. Skrubu iliyolegea ikatolewa. Tundu likapona, ikapandwa nyingine. Ligi ilianza, yeye akakaa mezani akiandika wachezaji wa akiba, na kila refa mwenzake alipopuliza, midomo yake ilijikunja yenyewe. Watoto walimpitia wakiimba "Kibogoyo, Kibogoyo", naye akaandika. Jioni alikimbia kuzunguka uwanja ili miguu isije ikamwaibisha siku mdomo utakapokuwa tayari.

"Mvumilivu hula mbivu," mumewe alimwambia jioni moja, akimkanda miguu.

"Mbivu hata kibogoyo anakula, Baba Pacha. Mimi nataka kutafuna muwa."

Siku ya kufungwa meno ilifika. Daktari akagonga skrubu zote mbili kwa chuma chembamba, zikalia sauti ngumu, kavu, naye akatabasamu kabla hajasema lolote. Akafunga meno, akampa kioo. Mama Pacha hakukitazama kwanza. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye droo.

"Kwa adabu," Daktari alimkumbusha akimpa filimbi.

Aliipuliza mle mle ndani. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri nje aliruka kutoka kwenye benchi, na muuguzi akaangusha trei. Mwenyekiti wa marefa alipopuliziwa vile ofisini kwake kesho yake, aliziba masikio na kusema hakuna haja ya kurudia.

Wakampa mechi. Nani kwa nani? Sabuni na Soko. Mwenyekiti alimuuliza kama angependa aanze na ndogo zaidi.

"Hiyo hiyo," alisema.

Uwanja ulijaa, na wengi walikuja kumtazama yeye. Alipotoka na mpira mkononi, upande wa Sabuni wakaanza kupiga makofi kwa mdundo, "Ki-bo-go-yo!" Kwenye safu ya mbele, karibu kabisa na mstari, alikuwepo Daktari, amejifunga skafu yake. Wakatazamana. Daktari akatazama pembeni kama mtu asiyemjua.

Mechi ilikwenda sare hadi dakika za mwisho. Halafu, kama vile shetani wa mpira ana kumbukumbu, mshambuliaji wa Soko akaingia ndani ya boksi la Sabuni, na Baunsa yule yule akateleza na kumfagia miguu yote miwili.

Mama Pacha akapuliza.

Ilitoka sauti moja, ndefu, iliyonyooka. Wachezaji wote wakasimama, mpira ukajiviringikia peke yake hadi nje. Baunsa akaja mbio, kifua mbele, akamfokea usoni mpaka mate yakamrukia, na nyuma yake Sabuni wenzake. Kila mtu uwanjani alikuwa akiutazama mkono wa refa, akingoja uende mdomoni.

Mkono ukanyooka kuelekea kwenye alama ya penalti. Ukabaki pale pale mpaka Baunsa akachoka kufoka na kurudi nyuma.

Zomeazomea ikapasuka. Na katikati ya zomeazomea hiyo akaitambua sauti moja kutoka safu ya mbele, sauti aliyoizoea akiwa amelala chali na mdomo wazi. "Refa kipofu! Kajiangusha yule! Mama, huoni?"

Jirani yake mwenye kofia ya Sabuni akadakia, "Ataona nini, kibogoyo huyo!"

Daktari akageuka kama aliyepigwa kibao. Akamkwida yule jirani ukosi wa shati.

"Kipofu, sawa! Kibogoyo, koma! Meno yale nimeyapanda kwa mkono wangu, mara mbili!"

Wenzake wa Sabuni wakamkodolea macho Daktari wao. Mama Pacha alisikia kila neno, akiwa amesimama kando ya boksi na filimbi mkononi. Kicheko kikamshika. Akamgeukia Daktari pale mstarini, na safari hii hapakuwa na kioo wala chuma cha kumnyamazisha.

"Ni penalti, Daktari!" akamwambia. "Na ile nyingine pia ilikuwa penalti!"

Akacheka mdomo wazi, meno yote nje, na mkono wake wala haukukumbuka kwenda kuuziba. Kisha akairudisha filimbi mahali pake, akaibana kwa adabu, akahakikisha kipa yuko kwenye mstari, na akapuliza.